Linaua, Lakini Je, Linakula?

Mpwa wangu alichuma jani la nyasi, akachuchumaa kando ya njia, akaligusa ua katikati kwa ncha ya lile jani. Ua likafyatuka. Kijiti kilichokuwa kimejikunja nyuma ya petali kiliruka, kikalipiga jani la nyasi, kikatulia upande wa pili kana kwamba kilikuwa pale tangu asubuhi. Safari yake sikuiona. Niliona mwanzo na mwisho tu.

“Umeona, mjomba? Na linakula wadudu hili. Tumefundishwa.”

Tulikuwa kwenye vilima vya mashariki ya Perth, Australia Magharibi, mwezi wa Septemba, wakati maua ya porini ya kule yanapochanua kwa fujo. Ua lenyewe dogo, halifiki upana wa kucha ya kidole gumba, petali nne za rangi ya waridi. Nikainama zaidi. Chini ya ua, kwenye kikonyo, kulikuwa na vinyweleo vyembamba, kila kimoja na tone la ute kichwani, vyote viking'aa kwenye jua. Na kwenye ute ule, visubi. Vingine vimekauka vikawa vidoa vyeusi. Kimoja bado kilikuwa kinatikisa mguu.

Nilinyamaza. Mtoto amefundishwa, na maiti ninaziona.

Lakini hilo neno “linakula” halikuniacha. Nilisharudi Arusha, kazi zimenizonga, na usiku bado nafungua zile picha kwenye simu, nazikuza mpaka visubi vinakuwa miraba ya rangi. Linawaua, sawa. Nani kasema linawala?

## Kijiti hakina kesi

Mmea huo ni Stylidium. Spishi zake zinapita 300, nyingi mno ziko pembe ya kusini-magharibi ya Australia, na kiukoo ziko upande wa alizeti. Wenyeji wameuita kwa jina la kifyatuo cha bunduki, na ukishauona mara moja huhitaji kuuliza kwa nini.

Stameni zinazotoa chavua na shingo ya stigma, sehemu inayopokea chavua, ambavyo kwenye maua mengi husimama mbalimbali, hapa vimeungana vikawa kijiti kimoja. Kijiti hicho hujikunja kinyumenyume, kikaning'inia chini ya petali, kikangoja. Nyuki au inzi akitua kutafuta nekta, akigusa mahali kijiti kinapoota, seli za kwenye kiungo hubadilisha shinikizo la maji ndani yake na kijiti kinazunguka zaidi ya nyuzi 200 kwa muda wa milisekunde 15 hivi. Jicho likipepesa mara moja tu, muda huo umeshapita mara kadhaa. Mdudu anapigwa, anapakwa chavua, anaruka zake. Kisha kijiti kinarudi nyuma polepole na kujitega upya, dakika chache hadi nusu saa, na siku ya baridi kinakawia zaidi.

Kuna jambo ndani ya hili ambalo nimelirudia mara nyingi kwa raha tu. Ua likiwa changa, ncha ya kijiti ina chavua. Likikomaa, stigma inajitokeza pale pale, kwenye ncha ile ile. Kwa hiyo kijiti kilichokuwa kinampaka nyuki chavua sasa kinaipokea kutoka kwa nyuki mwingine aliyepakwa kwenye ua jingine, na kwa sababu pigo linatua mahali pale pale mwilini, mzigo unakutwa ulipoachwa. Spishi moja hupiga kichwani, nyingine mgongoni, nyingine tumboni. Zinaweza kuota kwenye kilima kimoja, zikamtumia nyuki mmoja, na chavua zisichanganyike sana.

Sasa tazama mantiki ya pigo hilo. Faida yote iko kwenye mdudu kuondoka akiwa mzima.

Mchavushaji akifa pale, chavua imekufa naye.

Nadhani tunachanganyikiwa kwa sababu ya mmea mmoja maarufu wa Marekani, ule wenye majani kama taya yanayofumba yakimnasa inzi. Huo umetuzoesha kwamba mmea ukisogea haraka, basi una njaa. Lakini kifauongo cha kwetu kinafunga majani kila mtoto anapopita na kidole, na sijasikia mtu akidai kinataka kula kidole.

Kwa hiyo kijiti nilikiachilia mapema. Kama kuna kesi, iko chini yake.

## Ulimbo kwenye kikonyo

Vinyweleo vile kwenye kikonyo, na kwenye mgongo wa ua, vinafanya kazi kama ulimbo: kisubi akitua amekwisha. Na hapa mashaka yana msingi mzuri. Hatua moja kutoka kwenye Stylidium niliyopiga picha kulikuwa na drosera, majani mekundu yenye matone yale yale. Drosera hakuna anayeibishia. Inanasa mdudu, inakunja vinyweleo juu yake, inamyeyusha kwa vimeng'enya na kunyonya supu. Charles Darwin aliilisha nyama, ute wa yai na vitu vingine visivyo na idadi, akatoa kitabu kizima kuhusu mimea ya aina hiyo mwaka 1875, na humo humo akageukia mimea mingine yenye vinyweleo vya kunata ambayo hakuna aliyeishuku, akiijaribu kwa nyama na chumvi za amonia.

Udongo nao unashuhudia. Kusini-magharibi mwa Australia ni ardhi kongwe iliyooshwa na mvua kwa mamilioni ya miaka. Fosforasi na nitrojeni ni haba kupindukia. Mimea ya kule inahangaika. Jirani yako akiwa amejifunza kula wadudu kwa sababu ya njaa, na wewe una mtego kama wake, mwili wako umejaa maiti kama wake, watu wataanza kukutazama.

Mwaka 2006, Douglas Darnowski na wenzake walitoa utafiti uliolipeleka jambo hili mbele. Walionyesha kwamba Stylidium porini inanasa wadudu wadogo kwa kiwango kinacholingana na mimea inayokula wadudu iliyo jirani, na kwamba sehemu zake zenye tezi zina uwezo wa kuvunja protini. Wakapendekeza iwekwe kwenye kundi la katikati, la “nusu-walaji”, yaani mimea iliyo njiani kuelekea ulaji. Nadhani somo la mpwa wangu lilitokea huko, likiwa limepoteza neno “njiani” katika safari.

Nilipolisoma hilo nilitulia kwa siku chache. Maiti zipo, kimeng'enya kipo. Unataka nini tena?

## Papai kwenye mishkaki

Kilichonitoa kwenye utulivu ule kilikuwa jikoni.

Dada yangu alikuwa anaandaa mishkaki ya wageni, nyama ngumu ya ng'ombe mzee, na kama kawaida alikwangua papai bichi akalichanganya na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Usiku mmoja tu, nyama inakuwa laini. Ukipitiliza inakuwa uji. Kinachofanya kazi hiyo ni papaini, kimeng'enya cha kuvunja protini kilichojaa kwenye utomvu wa mpapai.

Mpapai una kimeng'enya cha kuyeyusha nyama. Mpapai hauli nyama.

Utomvu ule ni silaha. Kiwavi anayetafuna jani la mpapai anatafuna na kitu kinachomharibu tumbo. Watafiti wameshaonyesha kwamba papaini ni sehemu ya ulinzi huo. Mimea mingi ina vimeng'enya vya kuvunja protini kwa sababu zake yenyewe: kujilinda, kubomoa majani yanayozeeka na kurudisha virutubisho, kuotesha mbegu. Juu ya hapo, mzoga wowote unaokaa hewani unajaa bakteria na ukungu, na hao nao wana vimeng'enya vyao.

Kwa hiyo kimeng'enya kwenye kikonyo kinaniambia kwamba protini inaweza kuvunjika pale. Hakiniambii kwamba mmea umeinywa. Kati ya mambo hayo mawili kuna ukuta wa seli, na mimi nilitaka kujua kama kuna mlango.

## Nitrojeni yenye alama

Njia ya kuutafuta mlango huo ni nzuri kiasi kwamba niliisimulia mezani mpaka watu wakahamisha mazungumzo.

Nitrojeni ya duniani iko ya aina mbili zilizo imara, nyepesi na nzito kidogo. Nzito ni chache. Lakini kadiri unavyopanda kwenye mnyororo wa chakula, kutoka kwenye jani kwenda kwa kiwavi kwenda kwa anayemla kiwavi, ndivyo sehemu ya nzito inavyoongezeka mwilini. Mmea unaopata nitrojeni yake kwenye wadudu unabeba alama ya wadudu. Unachukua jani la mmea unaoushuku, jani la drosera iliyo jirani, na jani la kichaka cha kawaida kisichokula mtu, unapima yote matatu. Mshukiwa anafanana na nani?

Na kuna njia ya pili, ya moja kwa moja. Unafuga inzi wadogo wa matunda kwenye chakula kilichojazwa nitrojeni nzito makusudi, unawaweka kwenye ute, unasubiri, kisha unaitafuta nitrojeni ile ndani ya mmea. Ikionekana mahali ambapo inzi hakugusa, imepita mlangoni.

Mwaka 2018, Francis Nge na Hans Lambers wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi walichapisha kazi ya namna hiyo juu ya Stylidium, wakiilinganisha na drosera zinazoota nayo. Matokeo hayakuunga mkono dai la ulaji. Stylidium haikuonekana kuishi kwa nitrojeni ya wadudu inaowanasa kama drosera inavyoishi. Maelezo yanayobaki na nguvu ni ya ulinzi: ute uko pale kuzuia wadudu watambaao na wanyonyaji wasifike kwenye ua, ambako mmea umewekeza kila ulichonacho.

Ukitazama ute ulipo, maelezo hayo yana akili. Drosera ina ute kwenye majani, jikoni. Stylidium ina ute kwenye njia ya kupandia uani.

Hapo nikaona kesi imekwisha. Nikaanza hata kuandika makala hii, na ilikuwa fupi.

## Kisha nikakutana na ua la Kanada

Kuna ua jeupe la maeneo ya majimaji upande wa magharibi wa Amerika Kaskazini, Triantha occidentalis. Linajulikana kwa wataalamu wa mimea tangu karne ya 19. Linaota hata karibu na jiji la Vancouver, mahali watu wanapopita kila wikiendi na mabegi mgongoni. Kikonyo chake kina vinyweleo vya kunata, na kwenye vinyweleo mna visubi vilivyokufa. Sifa ile ile, na mahali pale pale: chini ya ua, kwenye njia ya kupandia.

Kwa mantiki niliyokuwa nimejijengea, huo ni ulinzi. Mmea unaonasa wadudu karibu na maua yake hauwezi kuwa unawala, maana utawaua wachavushaji.

Mwaka 2021, Qianshi Lin, Cécile Ané, Thomas Givnish na Sean Graham walichapisha walichokipata. Waliipa Triantha inzi wa matunda wenye nitrojeni nzito, na nitrojeni ile ikaonekana ndani ya mmea. Kwa makadirio yao, asilimia 64 ya nitrojeni ya majani yake ilitoka kwa wadudu, kiasi kinachokaribiana na cha drosera. Vinyweleo vyake vinatoa fosfatasi, kimeng'enya ambacho mimea mingi inayokula wadudu hukitumia kupata fosforasi.

Inakula. Mbele ya wapanda milima wote wale.

Na suala la wachavushaji? Ute wake ni dhaifu na vinyweleo ni vidogo; vinamudu kisubi na mbawakawa mdogo, lakini nyuki au kipepeo anajinasua na kuendelea na safari. Mtego umepimwa kwa ukubwa wa mgeni.

Sikulala vizuri usiku ule, na naandika hivi nikijua kwamba kuna watu wenye matatizo ya kweli. Hoja niliyoiona ya akili, kwamba ute uko “mahali pa ulinzi”, ilikuwa imeanguka. Mahali peke yake hapathibitishi kitu. Ningehukumu kwa mahali tu, ningeiachilia Triantha.

Lakini kipimo hakikuanguka. Kilichoikamata Triantha na kilichoiachilia Stylidium ni kitu kile kile: nitrojeni imepita au haikupita.

## Maiti zina wateja wengine

Nilikuwa nimelichukulia swali kama lina majibu mawili, chakula au ulinzi. Mimea miwili ilinivurugia hesabu hiyo, na sijui kama nimeipanga upya vizuri.

Wa kwanza yuko Afrika Kusini, milima ya Cape ya Magharibi. Roridula ni kichaka kinachonata vibaya mno, kinanasa hata wadudu wakubwa. Kitu kinachonata si ute wa majimaji bali utomvu wa mafuta, ambamo vimeng'enya vya kuyeyusha nyama haviwezi kufanya kazi. Kwa hiyo hakiyeyushi chochote. Lakini juu yake wanaishi kunguni wadogo wa jenasi ya Pameridea, ambao wana namna ya kutembea kwenye utomvu ule bila kunaswa. Kunguni wanafyonza maiti, wanakunya juu ya majani, na majani yananyonya kinyesi. Allan Ellis na Jeremy Midgley walilithibitisha hilo mwaka 1996, kwa nitrojeni yenye alama pia. Na kama vile hilo halitoshi, kunguni hao hao ndio wanaochavusha maua ya Roridula, ambayo chavulio zake hufyatuka zikiguswa na kuwarushia chavua.

Mfyatuko wa chavua na mtego wa kunata kwenye mmea mmoja, kama Stylidium. Mnyororo wa chakula tu ndio una mtu wa kati.

Je, Roridula inakula wadudu? Nitrojeni imepita. Haikupita mlango tulioutazamia.

Wa pili yuko California, akwilejia, mmea wa maua mwenye vinyweleo vya kunata, Aquilegia eximia. Eric LoPresti na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba wadudu wanaokufa kwenye ute wake wanavuta wadudu wawindaji, wawindaji wanakuja kula mizoga, na wakiwa pale wanawala pia viwavi wanaotafuna machipukizi ya maua. Watafiti walipoondoa mizoga kwenye baadhi ya mimea, wawindaji walipungua na maua yakaliwa zaidi. Mmea unaajiri walinzi na kuwalipa kwa maiti. Haunyonyi tone, lakini unafaidika na kila kisubi kilichokufa.

Sasa nirudishe macho kwenye vile visubi vya Stylidium, nijiulize vinafanya nini pale. Vinaweza kuwa wezi waliozuiwa mlangoni. Vinaweza kuwa mshahara wa buibui fulani ambaye sikumwona kwa sababu sikujua kumtafuta. Vinaweza pia kuwa si chochote, wapita njia waliokosa bahati kwenye ute uliowekwa kwa ajili ya mwingine.

## Ninaposimama kwa sasa

Neno “nusu-mlaji” silipendi, na nitasema wazi kwa nini. Limewekwa ili kupokea mimea yenye mtego lakini bila ushahidi wa mlo, kisha kwa kuwa jina lipo, watu wanadhani jambo limethibitika nusu. Halijathibitika nusu. Mmea ulioua na haukunyonya haujala nusu ya mdudu.

Kwa hiyo Stylidium zilizopimwa naziweka upande wa waliojilinda. Mpwa wangu nilimwandikia hivyo kwenye WhatsApp, akanijibu, “Sasa mjomba nikimwambia mwalimu atanielewa?” Nikamwambia amuulize mwalimu kitu kimoja tu: nitrojeni ya kisubi ilionekana wapi baada ya kisubi kufa.

Kinachonizuia kufunga faili ni idadi. Spishi zaidi ya 300, kuanzia vijimea vya msimu mmoja visivyofika urefu wa kidole hadi vile vya miaka mingi, vingine kwenye changarawe kavu, vingine kwenye tope moja na drosera. Zilizopimwa ni chache, na ukoo wenye ndugu wengi hivyo huwa na mtundu mmoja.

Kipimo ninachokitamani ni cha kizamani. Mwaka 1878, Francis Darwin, mwana wa yule Charles, alichapisha jaribio la drosera alizozigawa mafungu mawili: fungu moja alililisha vipande vidogo vya nyama ya kuchoma, jingine akaliacha na njaa, mwishoni akahesabu maua na kupima mbegu. Zilizolishwa zilizaa mbegu nyingi zaidi kwa mbali. Hakuwa na mashine ya kupima nitrojeni. Alikuwa na mizani.

Kwenye Stylidium, ute uko kwenye kikonyo cha ua, sentimita chache chini ya mahali mbegu zinapojaa. Kama kuna chochote kinachopita kutoka kwa kisubi kwenda ndani, njia yake fupi kuliko zote ni ya kwenda juu, na huko ndiko ningeanzia kupima kabla ya kwenda kwenye jani: spishi za topeni kwanza, vikonyo vilivyoachiwa visubi vyake upande huu, vilivyosafishwa kila siku kwa brashi upande ule, na vingine vilivyozungushiwa wavu ili buibui na wawindaji wengine wasije kuchanganya hesabu. Kisha mbegu zipimwe uzito, msimu hadi msimu.